Tyubu ya Maji

Mama akinipigia simu kuuliza ninafanya nini chuoni wakati wenzangu wameshaenda likizo, namwambia ninang'oa miguu ya mbu. Kisha inabidi nimweleze, na kumweleza kwenyewe kunanisaidia.

Mbu hawa wametoka bonde la Kilombero. Wamekaushwa, kila mmoja yumo kwenye tyubu yake yenye chembe za silika za kunyonya unyevu. Kuna aina mbili zinazoeneza malaria, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ambazo hata chini ya darubini huwezi kuzitenganisha. Lakini tabia zao ni mbalimbali. Gambiae hupenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, kwa hiyo chandarua chenye dawa humpata. Arabiensis hunywa hata damu ya ng'ombe, na aghalabu huuma nje, watu wakiwa bado uani wanapika. Usipojua yupi ni yupi, hujui kama chandarua kimeshindwa, au kimefanya kazi yake na aliyebaki ni mwingine. Ndiyo maana tunauchukua mguu kwa ajili ya DNA. Kichwa na kifua tunavihifadhi kando, maana kwenye tezi za mate ndiko vinakotafutwa vimelea vya malaria vilivyo tayari kuambukiza.

DNA ikishatoka kwenye mashine ya PCR, inayonakili kipande chake kimoja mara nyingi mno, tunaipitisha kwenye jeli. Ina chaji hasi, umeme unaivuta upande wa chanya, na kipande kifupi kinakitangulia kirefu. Cha arabiensis kina urefu wa jozi za besi 315 (besi ni herufi za DNA), cha gambiae 390. Ukiwasha taa ya urujuanimno unaiona tofauti kwa macho yako: mstari mmoja juu kidogo ya mwingine. Sijachoka kuitazama.

Wiki iliyopita mstari ulitokea pasipotakiwa. Kila jeli ina kishimo kimoja cha tyubu iliyotiwa maji badala ya DNA, na hapo hapatakiwi kuonekana kitu. Tuliona mstari hafifu, usawa wa 315. Nilikuwa nimeshaanza kunakili majibu ya mbu wengine, tena yalisomeka vizuri. Mzee, fundi wa maabara yetu, aliinama akaitazama picha, akasema, "Binti yangu, futa yote."

"Hata hawa waliotoka vizuri, Mzee?"

"Utajuaje kama hao ni wao, au ni hicho kilichoingia kwenye maji?"

Hakuna aliyetafuta mchawi. Tulimwaga maji, tukatupa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilivyokwisha kufunguliwa, tukasugua meza na pipeti kwa klorini, tukaanza upya. Leo kishimo cha maji kimebaki kitupu, na waliosomeka wote ni arabiensis. Dokta, mkuu wa utafiti huu, ameagiza wasiosomeka warudiwe kabla ya mtu yeyote kusema neno.

Nimekuwa nikiliwaza hilo la kufuta. Tangu sekondari nimepima wanga kwa iodini, na kila mara jibu lilikuwa bluu-nyeusi. Mwalimu alilijua, mtunga mtihani alilijua, nasi tulilijua. Aliyeona rangi nyingine aliandika bluu-nyeusi vilevile, apate maksi zake. Hapa hakuna anayelijua jibu, hata Dokta analisubiri. Ukiandika unachokitarajia, kuna kijiji kitakachopelekewa kinga isiyo yake. Jambo hili hakuna mhadhara ulionifundisha. Lilinifikia nilipoambiwa niifute kazi ya siku nzima na nikaona aliyeniambia yuko sahihi.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wetu tunaingia maabara ya utafiti mwaka wa tatu, kwa mradi wa kumalizia shahada. Wakati huo muda ni mfupi, vitendanishi vinaagizwa nje kwa bei kubwa, umeme ukikatika katikati ya PCR sampuli zimekwenda, na ripoti ina tarehe yake. Katika hali hiyo, nani atathubutu kufuta yote? Natamani milango ifunguliwe mapema zaidi, wakati wa likizo, hata kama ni kwa kuosha vyombo na kuandika lebo. Mimi nilianzia huko. Nilibisha hodi ofisini kwa Dokta, nikamwamkia, nikamwambia nimesoma makala yake kuhusu mbu hawa na niko tayari kwa kazi yoyote. Jibu lake lilikuwa swali: ni kipi ambacho sikukielewa kwenye makala hiyo? Tuliongea mpaka giza likaingia.

Mchana huu, kantini, kijana wa mwaka wa kwanza ameniuliza, "Dada, na mimi naweza kuja?" Nimempa makala ileile. Nimemwambia aisome hadi mwisho, aandike pale panapomkwamisha, na Jumatatu saa mbili asubuhi aje amevaa viatu vya kufunika vidole.