Vanadi Isiyokuwepo

Kilichotuumbua ni kipande cha rutili ya kutengenezwa, madini ya titani na oksijeni tupu. Tulikitia kwenye gundi ya epoksi pamoja na punje kumi na moja za rutili kutoka miamba yenye grafiti ya Merelani, Tanzania, kiwe kipimo chetu cha sifuri. Asubuhi ile spektromita, mashine inayopima eksirei zinazotoka kwenye kipande kinapopigwa na elektroni, ikasoma ndani yake metali ya vanadi, sehemu elfu kadhaa kwa milioni.

Punje za Merelani tulikuwa tumezipima jana yake, na grafu ilishachorwa. Ilipendeza, kwa sababu vanadi ndiyo inayohusishwa na buluu ya tanzanaiti.

Mashine haikuwa na kosa. Kila elementi hutoa eksirei za nishati zake maalumu, ziitwazo mistari, kama Kα na Kβ. Mstari wa Kβ wa titani uko kwenye elektronivolti 4,932, na Kα wa vanadi uko kwenye 4,952. Kigunduzi cha silikoni, chenye upambanuzi wa takriban elektronivolti 130, huona hapo kilima kimoja tu. Ndiyo maana tulitumia fuwele ya lithi floraidi, inayotenganisha mistari kwa pembe. Inapambanua vizuri zaidi, ila mkia wa titani bado huteleza chini ya kilele cha vanadi, na katika rutili titani ni karibu asilimia 60 ya uzito. Mkia wa mnyama mkubwa kiasi hicho si mdogo.

Mbona hatukushtuka mapema? Kwa kuwa titani ni karibu ile ile katika kila punje, kosa nalo lilikuwa lile lile kwa zote. Mpangilio wa punje ulikuwa sahihi. Uongo ulikuwa kwenye kimo.

Kulikuwa na mtego wa pili. Usuli, yaani eksirei za chini zilizopo hata pasipo kilele, tuliupima pande mbili za kilele, na upande wa juu tuliuweka baada ya 4,966, pale titani inapoanza kufyonza eksirei kwa nguvu. Usuli hushuka ghafla hapo. Ukichukua wastani wa pande mbili unapunguza kidogo mno, na kinachobaki kinahesabiwa kuwa vanadi.

Tulianza upya. Tuling'arisha kwa almasi ya mikroni 1, kisha 0.25, tukapaka kaboni ya nanomita 20 hivi kwa vipande vyote kwa mkupuo mmoja. Elektroni tulizirusha kwa kilovolti 20 na nanoampea 100, sekunde 200 kwenye kilele. Kupunguza kikomo cha ugunduzi, kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuonekana, kwa nusu kunataka muda mara nne, hivyo tuliishia hapo. Rutili ya kutengenezwa ilipimwa mwanzoni, katikati na mwishoni, na usomaji wake ukatolewa kwenye punje zote.

Kupima kromi kulifuata, wala hakuwezi kutangulia. Kα ya kromi iko 5,415, na Kβ ya vanadi iko 5,427. Marekebisho yake hupatikana kwa kupima metali safi ya vanadi, lakini lazima vanadi ya punje iwe imeshasafishwa titani. Jana yake tulikuwa tumetoa mchango wa vanadi kwenye kromi kwa kutumia vanadi ya uongo, na punje tatu zikatoka na kromi hasi. Tulilaumu gesi ya kigunduzi kinachofanya kazi na fuwele, tukabadilisha mtungi bure.

Baada ya marekebisho, punje nne zilizokuwa chini kwenye grafu zilishuka chini ya kikomo cha ugunduzi. Saba zilizobaki zilikuwa na vanadi kweli, na tukazichora upya.