Viraba tisa

Mwaka 2013 nilirudi nyumbani Marangu kutoka Dar es Salaam, ambako nilikuwa nachora picha za mtindo wa Tingatinga pale Oysterbay. Kule tuliichora Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, karibu kila siku, na kila mara tuliivika kofia nyeupe pe, maana hiyo ndiyo iliyopata wateja. Asubuhi yangu ya kwanza nyumbani mawingu yalifunguka, nikaiona Kibo yenyewe: miamba ya kijivu, na weupe umebaki mabaka. Niliumia kwa picha zote nilizokwisha kuuza.

Shule ya msingi ya jirani ikanipa ukuta. Niliuchora mlima kwa rangi ya mafuta, kisha kileleni nikapima kwa rula na chaki viraba 11 vyeupe, kila kimoja kilomita moja ya mraba. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilizidi kidogo viraba hivyo. Mwaka 2011 haikufika hata viwili.

Nikawapa watoto wa darasa la sita brashi na kopo la kijivu, wafute viraba tisa. Walianza kwa kelele, wakigombania zamu. Walipofika cha sita, kelele zilikuwa zimekwisha. Kwenye cha tisa binti mmoja alisimama na brashi juu, rangi ikimchirizika mpaka kwenye kiwiko.

“Mwalimu, hiki tukiache.”

Nilitamani kumkubalia. Nikamweleza kwamba dunia inapata joto, na hewa ya mlimani imekauka. Theluji haianguki ya kutosha kufidia barafu inayoliwa na jua. Ukuta wetu ukidanganya, nani atatuamini? Akakipaka taratibu, akianzia pembeni.

Jioni akapita mzee mmoja aliyekuwa mpagazi ujanani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa ukutani. Akainua bakora, akagusa kiraba kimojawapo tulichokifuta.

“Hapa, mjukuu wangu, nilipita na mzigo. Barafu ilinizidi kimo.”

Nikamwomba anionyeshe kimo gani. Akachukua chaki, akachora mtu mdogo, na kando yake ukuta wa barafu mara tatu ya yule mtu. Nikachovya brashi kwenye nyeusi kuufuatisha mchoro wake. Nilipofika kwenye mzigo akanishika mkono.

“Kichwani, si mgongoni,” akasema. “Tulibeba kichwani.”