Salem: nilikwenda kwa ajili ya sandarusi

Salem, Massachusetts, inajulikana kwa kesi za uchawi za mwaka 1692. Oktoba mji hufurika watu waliovaa kofia za wachawi. Ukipata nafasi, nenda mwezi mwingine, uanzie bandarini.

Kutoka Boston treni inachukua kama nusu saa, na mji wenyewe unauzunguka kwa miguu. Derby Wharf ni gati refu lililoingia baharini, na kwenye ncha yake kuna mnara wa taa wa mwaka 1871. Nyuma yake limesimama jengo la forodha la mwaka 1819. Hapa ndipo zilipoondokea merikebu zilizoleta Unguja majora ya merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi ya Mrima, yaani utomvu wa miti ulioganda ardhini, kutoka pwani ya bara iliyoelekea Unguja. Biashara ilikolea hasa baada ya Sayyid Said wa Unguja kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Alifika mwaka 1837, wakati Dar es Salaam yetu bado ni Mzizima, kijiji cha wavuvi.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Mbwamaji, pwani ya Dar es Salaam, alitusimulia wazee wake walivyochimba sandarusi mchangani na kuipeleka Unguja kwa mashua. Kumbe nyingine ilikuja kusafishwa Salem, ikawa vanishi ya samani. Nilipopita Chestnut Street, kwenye majumba ya matofali ya ghorofa tatu waliyojenga matajiri wa biashara ya bahari, sikuweza kuyatazama kama mtalii tu. Yanapendeza, sikatai. Lakini pamba ya merikani ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na pembe zilifika pwani mabegani mwa watu.

Manahodha wana ukumbi wao wa mwaka 1825, sasa uko ndani ya makumbusho ya Peabody Essex. Waliouawa kwa kusingiziwa uchawi nao wana kumbukumbu yao, iliyofunguliwa mwaka 1992 kando ya makaburi ya zamani: viti 20 vya mawe, kila kimoja na jina la mtu. Hapo nilikaa sana. Mji umewaandika watu wake mmoja mmoja, hata wale uliowadhulumu.

Wachimbaji wetu hawajaandikwa popote nilipopita. Kama kwenu Mbwamaji, Kunduchi au Bagamoyo kuna mzee anayemjua mchimba sandarusi kwa jina, muulizeni sasa, mniandikie hapa chini.