Picasso kafika barazani

Jana baada ya alasiri tulikaa barazani karibu na Ngome ya Lamu, kahawa chungu mkononi, nikawaonyesha wazee kwenye simu picha ya Gertrude Stein, mwandishi wa Kimarekani, aliyoimaliza mchoraji Picasso mwaka 1906. Uso kama kinyago, kope nzito, jicho moja halilingani na jingine. Mzee mmoja akauliza, "Mama huyu kakasirikiwa na nani?" Nikawaeleza: alikaa mbele ya mchoraji ili achorwe mara nyingi mno, mwisho Picasso akaufuta uso wote, akaja kuuchora upya bila mwenyewe kuwepo. Weee, baraza likachangamka! Ada alilipwa au hakulipwa? Kafanana naye au hakufanana?

Stein naye alimsawiri Picasso kwa maneno, shairi la mwaka 1923 linalorudia neno lilelile mpaka ulimi unachoka. Nikawasomea kwa Kiingereza hivyohivyo. Kijana muuza kahawa akaanza kuligongea mdundo kwa vikombe vyake. Mzee wetu wa mashairi akakunja uso: "Halina vina, halina mizani, hilo si shairi." Hoja hiyo waliisikia sana watetezi wa mashairi huru Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, na bado haijaisha.

Mimi naona ile picha haijachuja hata kidogo. Shairi, likisomwa kwa sauti, bado lina moto; ukilisoma kimya peke yako, ukurasa wa pili unapiga miayo. Mzee kaahidi kesho kuja na lake, lenye vina vya kati na vya mwisho, kunijibu.