Mgonjwa naye ni mgeni wa hoteli

Leo kliniki imeisha mapema. Mama amepitiwa na usingizi, nami nina saa chache za kuandika kuhusu hizi hoteli ambazo sasa ni sehemu ya ugonjwa wake. Sisi ni wa Iringa. Kila anapoitwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, tunashuka Dar kwa basi, na kwa kuwa hatuna ndugu wa kumfikia, tunalala hotelini. Si zile za ufukweni. Nazungumzia hoteli na loji zetu za kawaida: chumba cha self, kitanda cha tano kwa sita, chandarua, taulo, kipande cha sabuni, na kandambili zilizoandikwa namba ya chumba.

Nimegundua kwamba hoteli za mji huu hufuata kile kinachomleta mgeni. Wajerumani walijenga Kaiserhof mwaka 1906 karibu na bandari, mahali ilipo New Africa leo, maana mgeni wao alishuka melini. Ulipofika wakati wa mabasi, gesti zikajaa Ubungo. Kituo cha Magufuli kilipofunguliwa Mbezi mwaka 2021, vibao vya loji vikaongezeka huko. Lakini hospitali haikuhama. Muhimbili iko Upanga tangu ilipofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Kwa hiyo mgonjwa wa mkoani anashushwa Mbezi, na daktari wake yuko upande wa pili wa jiji. Alale wapi?

Mwanzoni tulichagua Mbezi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, tunaweza kuingia kituoni saa tisa za usiku, na mtu mwenye moyo mchovu hapaswi kuzungushwa mjini saa hizo. Tulipata loji ya chini, isiyo na ghorofa, yenye mwembe uani na geti linalofungwa. Mapokezi alikuwapo binti mmoja aliyempokea Mama mkoba kabla hata hajauliza kitambulisho. "Shikamoo mama, pole na safari." Asubuhi chai ilikuwa chapati, mayai na supu yenye chumvi nyingi, vitu ambavyo Mama amekatazwa. Mpishi alipoelezwa hakununa. Alirudi jikoni, akampikia uji wa ulezi peke yake na kumletea na ndizi ya kuchemsha. Nimeshakula kwenye hoteli za bei kubwa zaidi ambako ukiomba kitu kisichokuwa kwenye meza unaambiwa hakipo, basi.

Kilichonichosha kule ni siku ya hoteli. Inaisha saa nne asubuhi, hata kama umeingia alfajiri. Unalipa usiku mzima kwa kulala saa chache, halafu unagongewa mlango. Mfanyabiashara anayeweka begi na kwenda kuzunguka sokoni halimsumbui sana hilo. Mgonjwa anayesubiri kliniki ya kesho yake anahitaji kitanda mchana kutwa.

Halafu ikaja mvua. Anayeijua Barabara ya Morogoro anajua habari ya Jangwani: Mto Msimbazi ukijaa, maji yanapanda barabarani na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Siku hiyo tulitoka Mbezi gizani, tukafika Magomeni, tukakwama. Abiria wenye nguvu walishuka kutafuta njia nyingine. Sisi tulikaa, Mama akishika kadi yake ya kliniki. Tulipofika Upanga kwa bajaji, kwa kuzunguka mbali, zamu yake ilikuwa imepita na daktari ameshaondoka. Tukapangiwa tarehe nyingine, wiki kadhaa mbele. Tulirudi Iringa bila kipimo.

Ndipo tukahamia Kariakoo. Kwa umbali, hakuna cha kulalamika. Bajaji kutoka pale hadi getini Muhimbili ni safari fupi sana. Vyakula viko mlangoni, maduka ya dawa yako mlangoni. Usiku lakini Kariakoo hailali: malori yanashusha mzigo, mikokoteni inapishana, watu wanaitana dirishani kwako kana kwamba ni mchana. Hayo Mama aliyavumilia. Kilichomshinda ni ngazi.

Majengo ya kule yana frem za maduka chini, kwa sababu frem ndiyo inayolipa. Vyumba vya wageni vinaanzia juu. Sisi tulipewa ghorofa ya nne, na ilikuwa mwishoni mwa 2023, kipindi cha mgao wa umeme. Tulirudi kutoka kliniki tukakuta lifti imezima. Jenereta lilikuwepo, ila tuliambiwa ni la taa tu. Mama alipanda ngazi chache, akashika ukuta, akapumzika, akapanda tena. Nilimwona mlinzi wa jengo, mzee wa makamo, anatutazama kutoka chini. Akachukua kiti chake cha plastiki, akapanda nacho mpaka tulipo, akamwambia, "Kaa hapa dada, hatuna haraka." Tukaenda hivyo hadi juu: anakaa, anapumua, mlinzi anasogeza kiti hadi kona inayofuata. Yule mzee hakuwa ameajiriwa kufanya hivyo, na aliacha lindo lake kwa ajili yetu. Sitamsahau.

Mara hii tuko Ilala, na hapa ndipo nilipoona jambo nililokuwa nalitafuta bila kujua. Kitabu cha wageni ni kilekile cha kila mahali: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sababu ya safari. Siku zote nimeandika "matibabu" kwenye safu ile ya mwisho na hakuna aliyeitazama. Kitabu kinafungwa, unapewa ufunguo. Dada wa hapa alisoma. Alikuwa ameshashika ufunguo wa ghorofa ya pili, akaurudisha kwenye msumari, akachukua wa chumba cha chini, karibu na mapokezi. Kisha akauliza, "Kliniki ni kesho asubuhi? Basi saa nne msihangaike, mtatoka mkirudi." Tumelipia usiku mmoja tu.

Kwa hiyo simwombi mwenye hoteli ajenge upya. Kwa miaka mingi kitabu kimekuwa kikiuliza swali linalofaa. Ninachoomba ni anayekaa mapokezi asome jibu, na aruhusiwe na bosi wake kulitumia: chumba cha chini kikiwepo, saa mbili tatu za nyongeza, uji. Hoteli zinazozunguka Muhimbili, kuanzia Upanga hadi Ilala, hupokea watu kama sisi kila siku, waliobeba bahasha za vipimo mkononi. Kwenye matangazo yao sijaona hata moja linalotutaja.

Kliniki ijayo imeangukia mwezi wa nne, ndani ya masika. Ilala iko upande huu wa Jangwani, ila basi letu hutushusha Mbezi, ng'ambo ya pili, kwa hiyo tutaingia siku moja kabla na kulipia usiku wa ziada. Dada wa mapokezi ameshatuandika chumba hikihiki cha chini. Mama akiamka nitamwambia, kisha twende tukatafute chakula kisicho na chumvi.