Chupa isiyolia

Jumamosi iliyopita nilikuwa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria huku Mwanza, kwa mamdogo. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo boti zilikuwa zimelala. Dagaa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikishika, taa haziwavuti tena. Siku hizo watu wa mwaloni hushona nyavu, hulala mchana, na hushika simu. Na kwenye simu kulikuwa na habari moja tu: klipu ya sauti, mwanaume asiyejitaja jina anasema dawa ya ukimwi imepatikana, sindano mbili kwa mwaka na mtu anapona kabisa.

Nilikuta imeshanitangulia. Kijana mmoja wa boti alikuwa anaipiga kwa sauti pale kwenye kibanda cha chai. Mama anayeuza vitumbua aliacha kijiko ndani ya mafuta, akainua mikono, akasema asante Yesu. Mzee aliyekuwa anashona wavu hakuinua hata uso. "Hiyo tumeshainywa," alisema.

Watu wazima wote pale walielewa. Kijana hakuelewa, na nadhani hakuwa na namna ya kuelewa.

Huku kwetu kanda ya ziwa ugonjwa huu ulifika kabla haujapata jina. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda, na tangu hapo kila miaka michache kunakuja mtu na dawa. Mwaka 1990 Kenya walitangaza vidonge vya Kemron kwa shangwe kubwa. Vilipokuja kupimwa vizuri, havikusaidia. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Loliondo, dawa ya mitishamba ya kunywa, kikombe kimoja shilingi 500, na foleni ya magari ikaenda kilomita na kilomita porini. Nilikuwa na akili zangu timamu wakati ule na niliona watu wazima, wasomi, wakiuza mbuzi wapate nauli.

Sisi nyumbani kilichotuumiza hakikutoka Loliondo. Mjomba alianza ARV, vidonge vya kufubaza virusi, mwaka 2006, akanenepa, akarudi kazini. Mwaka 2012 mtu mmoja akamuuzia chupa ya lita tano ya mitishamba na kumwambia vidonge na mitishamba haviendi pamoja, achague. Akachagua. Aliniambia kwa furaha kabisa: "Nimechoka kuwa mgonjwa, mwanangu. Sasa nataka kuwa mtu aliyepona." Tulimzika mwaka uliofuata. Ile chupa ilikuwa bado na kama lita mbili.

Kwa hiyo mzee wa wavu simlaumu. Ila mama wa vitumbua naye simcheki. Mtu aliyezika ana haki ya kuinua mikono.

Kinachonikera ni lile neno lililofuata, ambalo lazima lifuate kila mara: "Wazungu wanayo siku nyingi, wanaficha, wanakula hela za vidonge." Mtu akiliamini hilo, vidonge vyake vinageuka kuwa kitu cha kudanganyiwa, na kitu cha kudanganyiwa hukiachi ukijuta. Isitoshe, ni kuwasahau watu wa hapa hapa. Kati ya 1991 na 1994 vijiji vya mkoa huu wa Mwanza vilishiriki utafiti ulioonyesha kwamba zahanati zikitibu vizuri magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya virusi yanapungua kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima iliusoma. Walionyoosha mikono wakatolewa damu walikuwa wakulima na wavuvi wa huku, si watu wa mbali wenye siri.

Niliporudi uani kwa mamdogo, naye alikuwa ameshaisikia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mabaki ya dagaa wa wiki iliyopita. Pembeni ilikuwa chupa yake ya vidonge, ile nyeupe. Ndani ameshindilia pamba hadi shingoni. Alianza kufanya hivyo miaka mingi iliyopita, kwa sababu chupa ya vidonge kwenye daladala inalia kama kayamba na kila abiria anajua ni nini. Siku hizi jirani wote wanajua hali yake na yeye mwenyewe huwasema watoro wa dawa hadharani, lakini pamba hajaitoa. Hata tarehe zake za CTC, kliniki anakochukulia dawa, alimwomba nesi azipange siku za mbalamwezi, asikose dagaa. Miaka yote hiyo hajawahi kuruka dozi kwa makusudi.

"Niambie wewe unayesoma," alisema. "Ni kweli?"

Nikamwambia ninachokijua. Sindano ya mara mbili kwa mwaka ipo kweli, inaitwa lenacapavir. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya Afrika Kusini na ng'ambo ya ziwa letu, Uganda: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyepata virusi. Hakuna. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia ile sifuri mara tatu. Lakini pale ilitolewa kwa wasio na virusi, ili wasivipate. Haikuponya mtu, na aliyetengeneza ile klipu amechukua jambo la kweli akaliharibu.

"Na kupona kabisa, hakuna aliyewahi?"

Wapo, wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu. Aliyemchangia alizaliwa na chembe zisizo na mlango ambao virusi hupitia. Akapona ukimwi, mwaka 2020 saratani ikarudi ikamuua. Matibabu yenyewe yanaweza kukuua, hayawezi kugawiwa zahanati ya Igombe. Yule mtoto wa Mississippi nilisita kumtaja, kisha nikamtaja: alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa na bila virusi kuonekana, dunia ikashangilia, mwaka 2014 virusi vikarudi.

Mamdogo akaacha kuchambua. "Vilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha ziwa. Anakumbuka magugumaji ya miaka ya tisini, yalivyoziba ufuko hadi boti hazitoki. Watu waliyavuta kwa mikono, maji yakaonekana meupe, na baada ya muda yakaota upya, maana mbegu zilikuwa zimelala kwenye tope. Virusi hujiandika ndani ya chembe za mwili na baadhi ya chembe hizo hulala miaka. Dawa inavikamata vinavyoamka. Vilivyolala haivifikii. Ndiyo maana kipimo chake kinasema havionekani na bado lazima ameze. Watafiti wanatafuta njia ya kulifikia lile tope, na mimi naamini watalifikia. Nilimwambia hivyo kwa sauti, ingawa nilimfikiria mjomba nilipokuwa nikisema.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamtazama binti yangu wa miaka 17, aliyekuwa anachota maji kwenye ndoo.

"Basi hiyo sindano si yangu," alisema. "Ni ya huyu."

Akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya CTC na kalamu. Tarehe yake ni mbalamwezi ijayo. Akaigeuza kadi upande wa nyuma, akaniambia niandike jina la sindano kwa herufi kubwa, nesi asije akasema hajalielewa.