Nilivyoacha kuwafukuza samaki mbali nikarudi kwenye mitego ya malema

"Samaki hawajaisha, wamehama tu. Nunua injini uwafuate." Niliambiwa hivyo na watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, nami nikawasikiza. Mke wangu akatoa bangili zake mbili, nikauza punda, pengo lililobaki nikalijaza kwa mkopo, nikapata injini ya mashua ya nguvu za farasi 15 iliyotumika.

Msimu mzima wa kaskazi tulikuwa tukiondoka Lamu kabla ya adhana ya alfajiri, tunakwenda mpaka upande wa Kiwayu. Kuna siku tulirudi watu wanne na samaki aina ya changu kumi na mbili na pono mmoja. Tulipotoa petroli na barafu, kilichobaki hakikutosha unga na sukari za nyumba nne. Na kule tulikokwenda tuliwakuta wavuvi wa huko wanalia kilio kile kile, wao wakidhani samaki wamekimbilia kwetu. Mpaka leo nikimsikia mtu anamshauri kijana akope anunue injini, moyo unaniuma. Ile yangu niliiuza karibu nusu ya bei.

Marehemu baba alivua kwa malema, ile mitego ya kusukwa kwa fito, na jioni mama aligawia majirani samaki bila kuhesabu. Sasa mwanamke anayekaanga samaki mtaani kwetu Langoni karai lake lina viazi kuliko samaki. Mwanangu mkubwa anatafuta vibarua upande wa bandari mpya tangu gati ya kwanza ilipofunguliwa 2021, mdogo anaendesha bodaboda. Hakuna hata mmoja wao anayejua kusuka lema, na hilo linanihuzunisha kuliko mkopo.

Lakini nami nina sehemu yangu. Juya, wavu wa kukokota mpaka ufuoni, lilipigwa marufuku nchini 2001, na miaka mingi baada ya hapo bado nilikuwa nalivuta. Nimewaona tafi wa urefu wa kidole wakimwagika mchangani wengi kama makapi, hawauziki, hawaliki. Wale ndio waliokuwa wawe samaki wangu wa leo.

Nikaenda kwa ami yangu, ndugu yake baba, ambaye hakuacha malema hata siku moja. Akanipa sita ya zamani, tukayarekebisha. Wakati huo kwenye mkutano wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, nilikuwa nimesikia habari za kuliachia lema mwanya wa kutokea samaki wadogo, jambo ambalo watafiti walilijaribu pamoja na wavuvi wa pwani ya Kenya. Nikaona ni rahisi. Nikakata kwa kukadiria na macho, kama vidole vitatu, ubavuni mwa kila lema, nikatia chambo cha mwani, nikayazamisha karibu na miamba ya Manda Toto.

Kuyavuta, yote sita matupu. Chambo kimeliwa, na kwenye fito za mwanya kumebaki magamba. Tafi ni mwembamba kwa ubavu, na vidole vyangu ni vinene, kwa hiyo hata wakubwa walipita. Ami akaligeuza lema moja polepole, akaniuliza, "Mwanangu, ulimpima samaki, au ulijipima wewe?"

Basi nikampima samaki. Nilichukua ubao wa sanduku la maembe nikachonga nafasi nne: sentimita 2 na nusu, 3, 3 na nusu na 4. Kwa muda wa mwezi hivi, kila tafi niliyemleta diko, pale tunaposhushia samaki, nilimpitisha kwenye ule ubao kichwa mbele, kisha nikampasua kuona kama ana mayai. (Mkamate kwa kitambaa kizito. Miiba ya tafi ina sumu, mkono wangu ulivimba siku mbili.) Wasio na kitu tumboni waliteleza kwenye 3. Wenye mayai, kifuko cha manjano kimejaa, karibu wote walikwama hapo tumboni, mkia ukipiga mbao. Wale watafiti nao walifika kwenye 3 za upana, na mwanya wao ulikuwa na urefu wa sentimita 30 kwenda juu. Nilifurahi sana kujua hivyo, maana mimi nilifika kwa kisu na ubao.

Mwanya sasa nauweka kwenye pembe, si katikati ya ubavu, kwa kuwa samaki aliyenaswa huzunguka akifuata ukuta mpaka pembeni. Kingo zake ni nondo nyembamba. Fito ya mkoko ikikaa majini hupinda, na wiki haiishi 3 imekuwa 4.

Miezi ya mwanzo nilipata kidogo, na nyumbani tuliishi kwa hela ya bodaboda ya mwanangu. Msimu wa pili wa kusi ndipo nikaona tofauti. Kilo hazikuongezeka sana, ila tafi wangu wanajaza sahani, na mnunuzi wa hoteli huwachukua kabla sijafika sokoni. Mke wangu nimemrudishia bangili moja.

Ule ubao uko kwa ami tangu Jumanne. Nimemtuma mwanangu mdogo auchukue na akae naye kidogo aone lema linavyosukwa, maana malema yangu manne bado hayajatiwa mwanya wa kipimo hiki.